Mkia wa Molekuli na Kalenda ya Kliniki: Historia ya Esta za Estradioli za Sindano na Funzo Lake kwa Sera za Afya ya Uzazi Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya esta za estradioli zinazotolewa kwa sindano, tangu homoni yenyewe ilipotengwa katika miaka ya 1920 na 1930 hadi sindano mseto za mwezi zilipofanyiwa majaribio chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO). Hoja kuu ni kwamba muda ambao dawa hizi hufanya kazi hautokani na homoni. Muda huo ni zao la uamuzi wa mkemia: aiambatanishe homoni na asidi gani, na aiyeyushe ndani ya mafuta au aitawanye ndani ya maji. Uamuzi huo wa maabara hugeuka kuwa kalenda ambayo mwanamke na kliniki yake hulazimika kuifuata. Makala yanaonyesha jinsi kalenda, kuliko ubora wa dawa, ilivyochangia kuifanya sindano ya miezi mitatu itawale katika ukanda wetu na sindano ya mwezi ibaki pembeni. Mwisho, yanapendekeza kwamba miongozo ya Kiswahili iache kutumia neno “sindano” kana kwamba lina maana moja.

Maneno makuu: estradioli, esta, sindano ya mwezi, uzazi wa mpango, istilahi za afya

1.0 Utangulizi

Katika zahanati nyingi za Afrika Mashariki, mwanamke anayetafuta huduma ya uzazi wa mpango huulizwa kama anapendelea vidonge, kijiti, kitanzi au sindano. Neno la mwisho katika orodha hiyo hutamkwa kana kwamba sindano ni moja tu. Mitaani huitwa “depo”, na kila mtu huelewa kuwa ni ile ya miezi mitatu. Ni wachache wanaokumbuka kwamba “depo” lilikuwa jina la mbinu kabla ya kuwa jina la dawa. Asili yake ni neno la Kifaransa lenye maana ya ghala au bohari, nalo lilitumiwa na watengenezaji kueleza dawa yoyote inayowekwa msulini ili itoke kidogo kidogo. Kampuni ya Upjohn ya Marekani, iliyotengeneza Depo-Provera, ilitengeneza pia Depo-Estradiol. Majina hayo mawili yameanza na neno moja, lakini homoni zake ni tofauti kabisa: ya kwanza ni projestini, ya pili ni estrojeni.

Mkanganyiko huu si wa majina pekee. Mtunga sera anaposoma takwimu za “watumiaji wa sindano”, anasoma matokeo ya maamuzi ya kikemia yaliyofanywa Berlin na Marekani zaidi ya nusu karne iliyopita. Makala haya yanajaribu kuyafukua maamuzi hayo. Yanategemea ripoti za utafiti zilizochapishwa, maelezo rasmi ya dawa, na miongozo ya WHO. Lengo si kutetea dawa fulani dhidi ya nyingine, bali kuonyesha kwamba historia ya famakolojia ina la kumwambia mtunga sera wa leo.

2.0 Kuitafuta homoni, 1923–1935

Mwaka 1923, mjini St. Louis, Marekani, Edgar Allen na Edward Doisy walitoa majimaji kutoka kwenye vifuko vya mayai ya nguruwe na kuyadunga wanyama wadogo wa maabara. Mabadiliko waliyoyaona katika chembe za uke wa wanyama hao yaliwapa kitu ambacho watafiti waliowatangulia hawakuwa nacho: kipimo. Kuanzia hapo iliwezekana kuuliza kama majimaji fulani yana homoni au hayana, na kama yanayo, ni kwa kiasi gani.

Tatizo lililofuata lilikuwa la malighafi. Ovari hutoa homoni kidogo mno. Mwaka 1927, mjini Berlin, Selmar Aschheim na Bernhard Zondek walionyesha kwamba mkojo wa mwanamke mjamzito una homoni hiyo kwa wingi, na mwaka 1930 Zondek akaonyesha kwamba mkojo wa farasi jike mwenye mimba una wingi zaidi. Ugunduzi huo uliwapatia wanakemia malighafi nafuu. Mwaka 1929, Doisy nchini Marekani na Adolf Butenandt nchini Ujerumani, kila mmoja kwa njia yake, walipata fuwele safi za estroni. Butenandt alifanya kazi hiyo kwa ushirikiano na kampuni ya Schering, na uhusiano huo wa chuo na kiwanda ndio ulioamua sehemu kubwa ya yaliyofuata.

Mwaka 1933, katika maabara za Schering, Erwin Schwenk na Fritz Hildebrandt waliibadilisha estroni kikemia wakapata estradioli, homoni yenye nguvu zaidi. Inafaa kuangalia mfuatano wa matukio. Estradioli ilitengenezwa kwanza maabarani, na ni baadaye tu, mwaka 1935, Doisy na wenzake walipoitenga kutoka kwenye ovari za nguruwe na kuonyesha kwamba ndiyo homoni ambayo mwili wenyewe huitoa. Walihitaji tani za ovari ili wapate miligramu chache. Hapa mstari kati ya “asilia” na “ya kutengenezwa” unafifia, na jambo hili litarudi katika sehemu ya tano.

3.0 Mkia wa molekuli, 1933–1954

Estradioli ilipopatikana, iligundulika kuwa na kasoro mbili kama dawa. Ikimezwa, hupita kwanza kwenye ini, ambako sehemu kubwa hubadilishwa kabla haijafika kwenye mzunguko wa damu. Ikidungwa ikiwa peke yake, huondoka mwilini haraka. Wanakemia walitafuta dawa ya kasoro hizo kwa njia mbili, na kila njia ilizaa historia yake.

Njia ya kwanza ilikuwa kuibadilisha homoni yenyewe. Mwaka 1938, Hans Inhoffen na Walter Hohlweg wa Schering waliongeza kikundi cha ethini kwenye kaboni namba 17 ya estradioli. Zao lake, ethinilestradioli, halivunjwi na ini kwa urahisi, na hivyo linaweza kumezwa. Baadaye ndilo lililokuwa estrojeni ya vidonge vingi vya uzazi wa mpango. Lakini sifa ile ile inayoliwezesha kuvuka ini ndiyo inayolifanya lichochee ini kwa nguvu kutengeneza protini, zikiwemo zinazohusika na kuganda kwa damu.

Njia ya pili, inayotuhusu hapa, ilikuwa kuiacha homoni kama ilivyo na kuifungia mkia tu. Molekuli ya estradioli ina vikundi viwili vya haidroksili, kimoja kwenye kaboni namba 3 na kingine kwenye kaboni namba 17. Kikundi chochote kati ya hivyo kinaweza kuunganishwa na asidi, na muungano huo huitwa esta. Ukiunganisha asidi ya benzoiki kwenye kaboni namba 3, unapata estradioli benzoati, esta ya kwanza ya homoni hii kuingia katika tiba, katika miaka ya 1930. Iliyeyushwa ndani ya mafuta na kudungwa msulini. Ilidumu kuliko estradioli tupu, lakini si zaidi ya siku chache, na mgonjwa alihitaji kudungwa zaidi ya mara moja kwa wiki.

Katika miaka ya mwanzo ya 1950, Karl Junkmann wa Schering, Berlin, aliikabili kasoro hiyo kwa utaratibu. Alijaribu asidi za mafuta zenye minyororo ya urefu mbalimbali na kuona kwamba kadiri mkia unavyoipenda zaidi mafuta na kuyakimbia maji, ndivyo dawa inavyokaa zaidi msulini. Asidi ya valeriki, yenye kaboni tano, iliyounganishwa kwenye kaboni namba 17, ilizaa estradioli valerati. Mwaka 1954 dawa hii iliingia sokoni: Ujerumani kwa jina la Progynon Depot, na Marekani, kupitia kampuni ya Squibb, kwa jina la Delestrogen. Kwa msingi huo huo yalipatikana mazao mengine ambayo bado yanatumika, kama vile testosteroni enantati na noretisteroni enantati. Upande wa pili wa bahari, Upjohn walichagua mkia mwingine wenye pete ya kaboni tano, wakapata estradioli sipionati.

Hivyo basi, kufikia katikati ya miaka ya 1950 urefu wa athari ya homoni ulikuwa umekuwa jambo la kuchagua.

4.0 Kiasi kile kile, ratiba tofauti

Mkia hubadilishaje muda? Esta ikishadungwa ndani ya mafuta, hubaki humo kama nafaka ghalani. Molekuli chache chache hutoka kwenye mafuta na kuingia katika majimaji ya mwili, na zikishafika kwenye damu na ini, vimeng'enya huukata mkia mara moja na kuiacha estradioli huru. Ukataji huo si hatua inayochelewesha. Estradioli huru nayo haikai sana: huondoka katika damu kwa muda unaopimwa kwa saa. Kinachotawala ratiba nzima ni kasi ya kutoka ghalani. Kwa hiyo tunapopima homoni katika damu ya mgonjwa siku ya nane, hakika tunapima mlango wa ghala.

Hili lilionyeshwa wazi na utafiti wa Oriowo, Landgren, Stenström na Diczfalusy, uliochapishwa mwaka 1980. Egon Diczfalusy wa Taasisi ya Karolinska nchini Sweden alikuwa miongoni mwa watu walioongoza fikra za WHO kuhusu utafiti wa uzazi wa binadamu. Timu yake ililinganisha esta tatu kwa dozi moja ya miligramu 5, ikidungwa msulini kwa wanawake. Kwa benzoati, kilele cha estradioli katika damu kilikuwa takriban pikogramu 940 kwa mililita, kikafikiwa kabla ya siku mbili kutimia, na athari ikadumu siku 4 hadi 5. Kwa valerati, kilele kilikuwa takriban pikogramu 670 baada ya siku mbili hivi, na athari ikadumu siku 7 hadi 8. Kwa sipionati, kilele kilikuwa takriban pikogramu 340 tu, kikafikiwa karibu siku ya nne, na athari ikadumu takriban siku 11.

Ili tuzielewe tarakimu hizi, ni lazima tukumbuke kwamba uzito wa mkia umo ndani ya zile miligramu 5. Tukiutoa, benzoati hubeba takriban miligramu 3.6 za estradioli, valerati takriban 3.8, na sipionati takriban 3.4. Kwa maneno mengine, wanawake wote walipewa karibu kiasi kile kile cha homoni. Kilichotofautiana ni ratiba: mmoja alilipwa mshahara wake wote mwanzoni mwa juma, mwingine akagawiwa kwa siku kumi na moja. Kilele cha kawaida cha mwili, siku chache kabla ya yai kutoka, huwa takriban pikogramu 200 hadi 400. Ni sipionati peke yake iliyobaki ndani ya mipaka hiyo.

Funzo la kwanza kwa mtunga sera limo hapa. Dozi iliyoandikwa kwa miligramu bila kutaja esta ni habari nusu. Vivyo hivyo kwa kiyeyushi. Delestrogen yenye miligramu 10 kwa mililita huyeyushwa ndani ya mafuta ya ufuta, ilhali zenye miligramu 20 na 40 huyeyushwa ndani ya mafuta ya nyonyo. Depo-Estradiol hutumia mafuta ya mbegu za pamba. Estradioli sipionati pia inaweza kutawanywa ndani ya maji ikiwa fuwele ndogo zisizoyeyuka, na hapo kasi ya dawa huamuliwa na ukubwa wa fuwele. Chupa ya namna hiyo isipotikiswa vizuri kabla ya kuvutwa kwenye bomba la sindano, fuwele hubaki chini na mgonjwa hudungwa maji. Kwa hiyo dawa mbili zenye jina moja la homoni zinaweza kudai ujuzi tofauti kutoka kwa muuguzi.

5.0 Sindano ya mwezi, 1963–2002

Sindano za projestini pekee, hasa medroksiprojesteroni asetati ya miligramu 150 inayodungwa kila baada ya miezi mitatu, huzuia mimba kwa uhakika mkubwa. Kasoro yake inayolalamikiwa zaidi ni hedhi: kwa wengine huja bila mpangilio, kwa wengine hukatika kabisa. Kwa mwanamke anayeisoma hedhi yake kama ushahidi kwamba hana mimba na kwamba mwili wake uko salama, kukatika huko huleta wasiwasi ambao hauondolewi na takwimu.

Suluhisho lililopendekezwa lilikuwa kurudisha estrojeni. Mwaka 1963 Siegel aliripoti matumizi ya sindano ya mwezi yenye haidroksiprojesteroni kaproati pamoja na estradioli valerati. Mantiki yake ni ya kalenda tupu. Projestini yenye mkia mrefu huzuia yai kutoka kwa mwezi mzima, na estradioli yenye mkia mfupi zaidi huutunza ukuta wa mfuko wa uzazi kwa wiki ya kwanza na ya pili, kisha huisha. Inapoisha, ukuta huo humomonyoka na damu hutoka. Hedhi inayofuata, kwa hiyo, haitoki kwenye ovari. Imepangwa na yule aliyechagua urefu wa mkia.

China ilitumia kwa upana mchanganyiko wa namna hiyo, wenye miligramu 250 za haidroksiprojesteroni kaproati na miligramu 5 za estradioli valerati, ingawa ilibainika kwamba mwezi wa kwanza ulihitaji sindano mbili. Katika Amerika ya Kusini ulienea mchanganyiko mwingine wenye estradioli enantati ya miligramu 10. Programu Maalumu ya WHO ya utafiti wa uzazi wa binadamu, iliyoanzishwa mwaka 1972, ililichukua suala hili na kuchagua michanganyiko miwili. Wa kwanza, Cyclofem, una miligramu 25 za medroksiprojesteroni asetati na miligramu 5 za estradioli sipionati, zote zikiwa fuwele ndani ya maji. Wa pili, Mesigyna, una miligramu 50 za noretisteroni enantati na miligramu 5 za estradioli valerati ndani ya mafuta. Matokeo ya jaribio kubwa la kulinganisha yalichapishwa mwaka 1988, na mwaka 1993 kikao cha wataalamu wa WHO kilitoa taarifa ya pamoja kuhusu sindano za mwezi. Dawa zilithibitika: zikidungwa kwa wakati, hushindwa kwa chini ya mwanamke 1 kati ya 100 kwa mwaka.

Hapa ndipo swali la “asilia” linaporudi. Esta ni ya kutengenezwa, lakini estrojeni inayofika kwenye damu ni ile ile ya mwili, na kwa kuwa haipiti kwenye ini kwa mkupuo kama kidonge, athari yake kwa protini za ini ni ndogo kuliko ya ethinilestradioli. Anayesema kwamba sindano ya mwezi ni “kidonge ndani ya sindano” amekosea kifamakolojia. Anayesema kwamba ni “homoni asilia isiyo na madhara” amekosea pia. WHO bado inaihesabu katika njia zenye estrojeni, na haiipendekezi kwa mwanamke mwenye historia ya damu kuganda kwenye mishipa ya ndani, wala kwa anayenyonyesha mtoto wa chini ya miezi sita.

Majaribio ya kuitambulisha Cyclofem katika huduma za kawaida yalifanyika Indonesia, Jamaika, Meksiko, Tailandi na Tunisia, na baadaye Brazili, Chile, Kolombia na Peru. Marekani iliidhinisha mchanganyiko huo huo mwaka 2000 kwa jina la Lunelle. Miaka miwili tu baadaye, Oktoba 2002, mabomba ya sindano yaliyojazwa tayari yaliondolewa sokoni kwa hofu kwamba baadhi hayakuwa na nguvu kamili ya dawa. Lunelle haikurudi tena.

6.0 Kalenda mbili Afrika Mashariki

Katika orodha ya nchi za majaribio ya utambulisho zilizotajwa hapo juu, Afrika kusini mwa Sahara haimo. Hata hivyo sindano ya mwezi haikuwa ngeni kabisa kwetu. Utafiti wa Ruminjo na wenzake, uliochapishwa mwaka 2005, ulilinganisha nchini Kenya jinsi wanawake walivyoipokea sindano mseto na ile ya projestini pekee. Mapitio ya majaribio ya kulinganisha yaliyofanywa katika nchi mbalimbali yanatoa picha inayofanana kwa jumla. Wanaotumia sindano ya mwezi huiacha kwa sababu ya matatizo ya hedhi mara chache kuliko wenzao, lakini huiacha zaidi kwa sababu nyinginezo, na kwa jumla wanaoiacha ni wengi zaidi.

Matokeo hayo yanaonekana kama kitendawili mpaka tuhesabu safari. Sindano inayodungwa kila wiki 4 hudai ziara 13 kwa mwaka. Ile inayodungwa kila wiki 13 hudai ziara 4. Kwa mwongozo wa WHO, sindano ya mwezi inaweza kuchelewa kwa siku 7; ya miezi mitatu inaweza kuchelewa hadi wiki 4. Kwa wilaya yenye watumiaji 1,000, tofauti ni kati ya sindano 13,000 na 4,000 kwa mwaka, pamoja na mabomba, masanduku ya kutupia sindano, na saa za wauguzi. Mwanamke anayetembea nusu siku kufika zahanati hahesabu pikogramu. Anahesabu siku za shamba, nauli, na maswali atakayoulizwa nyumbani kuhusu safari ya kila mwezi.

Kwa upande mwingine wa mizani kuna jambo ambalo ziara 4 haziwezi kulitoa. Mwanamke anayeacha sindano ya mwezi hushika mimba kwa wastani miezi 5 hivi baada ya sindano ya mwisho. Anayeacha ya miezi mitatu husubiri kwa wastani miezi 10 hivi. Kwa anayetaka kupanga nafasi kati ya watoto, wala si kufunga uzazi, miezi hiyo mitano ina uzito. Kuna pia suala la kunyonyesha, ambalo katika ukanda wetu hugusa karibu kila mama. Kwa miezi sita ya kwanza baada ya kujifungua, estrojeni ndani ya sindano ni kizuizi, ilhali projestini pekee inakubalika baada ya wiki sita. Huduma inayokutana na wanawake zaidi katika kipindi hicho itaegemea projestini hata kama haikukusudia.

Ukanda uliitika kwa kuirahisisha kalenda ndefu badala ya kuijaribu fupi. Utafiti uliofanyika Nakasongola, Uganda, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2007, ulionyesha kwamba wahudumu wa afya wa jamii waliofunzwa wanaweza kutoa sindano ya miezi mitatu kwa usalama unaolingana na wa wauguzi wa kliniki. Baadaye Uganda ikawa miongoni mwa nchi nne za mwanzo za Afrika, pamoja na Burkina Faso, Niger na Senegali, kutambulisha sindano ya chini ya ngozi ya miligramu 104, ambayo mwanamke anaweza kujidunga mwenyewe. Kufikia mwaka 2014, utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya nchini Kenya ulikuta kwamba asilimia 26 ya wanawake walioolewa walitumia sindano, karibu nusu ya watumiaji wote wa njia za kisasa.

Mafanikio haya ni ya kweli na hayapaswi kubezwa. Lakini yana gharama ya kielimu. Dawa ikishatawala, utafiti nao huifuata. Jaribio kubwa lililofanyika kati ya 2015 na 2018 nchini Kenya, Eswatini, Zambia na Afrika Kusini, likihusisha wanawake 7,829, lililinganisha hatari ya kuambukizwa VVU kwa watumiaji wa sindano ya miezi mitatu, kitanzi cha shaba na kijiti. Halikukuta tofauti kubwa kati yao. Sindano ya mwezi haikuwemo, kwa sababu iliyo wazi: haikuwa ikitumika vya kutosha. Hivyo kutokuwepo kwake jana kunazaa ukosefu wa ushahidi wa kutosha kutoka kwetu leo, na ukosefu huo utatajwa kesho kama sababu ya kutoinunua.

7.0 Mjadala: neno moja, dawa nyingi

Je, sindano ya mwezi ilipaswa kupewa nafasi zaidi? Historia haitoi jibu la moja kwa moja, wala haipaswi kulazimishwa kulitoa. Inachoonyesha ni kwamba uamuzi haukuwahi kufikishwa mbele ya watumiaji ukiwa na sura yake halisi. Swali halisi lilikuwa: je, uko tayari kufika kliniki mara 13 ili upate hedhi ya kila mwezi na urudie uwezo wa kushika mimba mapema zaidi? Wako wanawake wa mjini, wanaoishi hatua chache kutoka kliniki au duka la dawa, ambao wangejibu ndiyo. Swali lililofika kwao lilikuwa fupi zaidi: je, unataka sindano?

Lugha imechangia ufupi huo. Miongozo mingi na vipeperushi vya Kiswahili husema “sindano” kwa maana ya dawa moja. Inapotokea kwamba homoni nyingine imo ndani ya bomba, Kiswahili cha kliniki hakina jina la haraka la kuitofautisha. Hatari yake si ya kinadharia. Mwanamke anayenyonyesha, aliyewahi kudungwa “depo” nchi moja, akivuka mpaka na kuomba “depo” nchi nyingine, anategemea kwamba neno hilo halijabadilika njiani. Katika jumuiya ambayo watu wake huvuka mipaka kila siku, neno la kliniki ni sehemu ya usalama wa dawa.

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, miongozo na kadi za mteja za Kiswahili zitofautishe “sindano ya projestini” na “sindano mseto”, na jina la muda, yaani “ya mwezi” au “ya miezi mitatu”, liandikwe pamoja na jina la homoni, lisilibadili. Pili, pale dozi ya homoni yenye mkia inapoandikwa, esta na kiyeyushi vitajwe: “estradioli sipionati miligramu 5, fuwele ndani ya maji, tikisa kabla ya kutumia” ni maelezo kamili; “estradioli miligramu 5” si maelezo. Tatu, takwimu za kitaifa zinazokusanywa kwa safu moja ya “sindano” zigawanywe, ili aina ndogo isipotee ndani ya kubwa kabla haijapimwa.

8.0 Hitimisho

Historia ya esta za estradioli ni historia ya watu waliojifunza kuufanya muda kuwa kiungo cha dawa. Allen na Doisy walitoa kipimo, Schwenk na Hildebrandt walitoa homoni, Junkmann alitoa urefu wa mkia, na timu ya Diczfalusy ilionyesha kwa tarakimu kile ambacho mkia unakifanya. WHO iligeuza maarifa hayo kuwa sindano inayofanya kazi. Mahali ambapo mnyororo huo ulikatika kwetu ni pale kalenda ya dawa ilipokutana na barabara, nauli, kipindi cha kunyonyesha na idadi ya wauguzi. Mambo haya si madogo, na mtunga sera aliyeyapa kipaumbele hakukosea. Kosa ni kuyaacha yaamue kimya kimya, huku mteja akiambiwa kwamba hakuna kilichoamuliwa. Muuguzi aliyeandika kwenye kadi homoni gani imo, imefungwa na mkia gani na itaisha lini, amempa mteja wake nafasi ya kuuliza swali linalofuata.